Presha Niliyoipima Injini Ikiwa Imepumzika

Volti 11.2. Niliiona namba hiyo kwenye multimita niliyoibandika juu ya dashibodi, nyaya zake mbili zikipita katikati ya viti hadi kwenye vichwa vya pampu ya mafuta, chini ya kiti cha nyuma. Injini ilikuwa imefungwa upya baada ya ile ya kwanza kuyeyusha pistoni ya silinda ya nne. Dereva alikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya tatu, tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, ikaanza kusukuma, na namba ikateremka mbele ya macho yangu: 13.1, 12.4, 11.8, kisha 11.2. Nikamwambia aachie. Wiki tatu nzima nilikuwa nikitafuta mchawi kwenye nozeli zinazopuliza petroli, kwenye kompyuta ya injini, hata kwenye petroli yenyewe, kumbe ni waya nilioupitisha kwa mikono yangu.

Ngoja nieleze ilivyoanza, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa la uvivu. Nilikuwa nimepiga hesabu.

Injini ilikuwa ya silinda nne, lita 2, na tabo iliyokusudiwa kusukuma bar 1.2 (bar ni kipimo cha presha) juu ya hewa ya kawaida. Mwenye gari alitaka nguvu farasi 350 kwa ajili ya kukimbia uwanjani. Injini ya tabo ikiwa kwenye mzigo kamili hunywa takriban gramu 360 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Farasi 350 ni kama kilowati 260, kwa hiyo tunazungumzia kilo 94 kwa saa, karibu lita 125. Zigawe kwa nozeli nne, kisha uzipe nafasi ya kupumua, yaani zisibaki wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, unafika kwenye nozeli za kama sentimita za ujazo 650 kwa dakika. Nikanunua hizo. Pampu niliyokuwa nayo, karatasi yake ilisema lita 190 kwa saa kwa presha ya bar 3. Lita 190 ni nyingi kuliko 125. Nikaridhika, nikaendelea na kazi nyingine.

Kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari likiwa limesimama, kila kitu kilipendeza. Mchanganyiko ulisoma 11.8, yaani kilo 11.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na kwa tabo ya presha ile hapo ni mahali salama. Nguvu zikafika. Presha ya mafuta niliisoma kwenye geji ndogo ya chini ya boneti, injini ikinguruma bila kukanyagwa, nikaikuta ilivyotakiwa. Nikafunga boneti, nikachomoa sensa ya lambda ya daino, ile inayoonja moshi wa ekzosi na kusoma mchanganyiko, nikaziba tundu lake, nikamkabidhi mwenyewe gari lake.

Uwanjani, kwenye mzunguko wa tano, mwishoni mwa mstari ulionyooka, injini ikakata. "Fundi, ilikuwa inavuta vizuri kuliko siku zote," dereva aliniambia. Sentensi hiyo sasa naiogopa. Injini inayoanza kukosa mafuta, kabla haijafa, mara nyingi huvuta kwa ukali wa ajabu, maana mchanganyiko unapita kwenye uwiano wa nguvu nyingi kabisa ukielekea kwenye maafa.

Nilipochomoa plagi ya silinda ya nne niliona vitone vidogo vya fedha kwenye kauri yake, kama mtu amenyunyiza unga wa madini kwa ncha za vidole. Hiyo ni alumini ya pistoni. Kichwa kilipofunguliwa, ukingo wa pistoni upande wa vali ya ekzosi ulikuwa umeliwa hadi kwenye ringi ya kwanza, umelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Pistoni tatu nyingine zilikuwa nzima. Hilo la tatu nzima na moja iliyoliwa nitalirudia.

Sasa turudi kwenye volti. Alteneta ilikuwa inatoa 13.6, pampu inapata 11.2. Volti 2.4 zilikuwa zinapotelea njiani. Pampu ile kwenye presha kubwa ilikuwa inavuta kama ampea 12, na ukigawanya unapata ukinzani wa omu 0.2 tu. Omu 0.2! Ukiipima kwa multimita kwenye waya uliotulia utasema hakuna kitu. Sehemu ya hasara ilikuwa waya mwembamba wa kiwandani niliouacha kwa sababu ulikuwa mzima na safi, na sehemu nyingine ilikuwa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, niliyoifunga kwa boliti juu ya bati lenye rangi. Kwenye daino ugonjwa huu haukujitokeza kwa sababu kila jaribio lilikuwa la sekunde 10 hivi, taa zimezimwa, na betri ilikuwa imeunganishwa na chaja. Chaja ndiyo iliyonidanganya. Nilikuwa napima gari ambalo halipo: gari lenye betri ambayo haichoki.

Nikaichomoa pampu, nikaifunga mezani na regulata ya kudhibiti presha, nikaiachia imwage kwenye chombo chenye alama. Kwa volti 13.5 na presha ya bar 4.2 ilitoa lita 2.5 kwa dakika, sawa na 150 kwa saa. Kwa volti 11.2 na presha ile ile, lita 1.7, yaani 102 kwa saa. Injini ilihitaji 125.

Kwa nini bar 4.2 na si 3 kama karatasi ilivyosema? Hapa ndipo fundi wengi wanaotoka kwenye injini za kawaida kuja kwenye tabo hujikwaa, nami nilijikwaa. Nozeli haipulizi kwenye hewa tupu. Inapuliza ndani ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda zote, na manifodi hiyo tayari ina presha ya tabo inayoisukuma petroli irudi ilikotoka. Ili nozeli iendelee kutoa kiasi kile kile, tofauti kati ya presha ya reli, bomba linalolisha nozeli, na presha ya manifodi lazima ibaki bar 3. Ndiyo maana regulata ina kimpira kinachotoka kwenye manifodi: tabo ikipanda bar 1.2, petroli nayo ipande hadi 4.2. Kadiri pampu inavyodaiwa presha kubwa, ndivyo inavyotoa mafuta machache. Kwa maneno mengine, inadaiwa mengi zaidi wakati ule ule inapoweza machache zaidi.

Na kiasi kinachopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo ya presha. Chukua mfano wa reli kupungukiwa bar 1 tu, tofauti ikawa 2 badala ya 3. Kipeuo cha pili cha theluthi mbili ni 0.816, kwa hiyo umepoteza petroli asilimia 18. Mchanganyiko uliokuwa 11.8 umekuwa karibu 14.5. Uwiano wa 14.5 kwa gari linalotembea polepole ni jambo jema kabisa, ni karibu na pale petroli inapoungua yote bila kubakiza. Uwiano huo huo chini ya tabo ya bar 1.2, kwenye mizunguko 6500 kwa dakika, unayeyusha pistoni.

Kilichoniuma zaidi ya gharama ni kwamba nilishafundishwa haya miaka mingi nyuma, ila sikuelewa kuwa nafundishwa.

Mzee aliyenifunza kazi alikuwa mtu wa kabureta. Injini niliyoanza nayo mikononi mwake ilikuwa na kabureta mbili za Weber DCOE za milimita 45, na venturi, yaani shingo nyembamba za kupitisha hewa, za milimita 36. Kanuni ya kuanzia aliyonipa ni kuzidisha venturi kwa nne upate namba ya jeti kuu, kitundu kinachopima petroli: 36 mara 4 ni 144, anza na jeti ya 145. Namba hizo za Weber ni sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 145 ni tundu la milimita 1.45. Nilizifunga, nikakanyaga mara mbili tatu gari likiwa limesimama, injini ikapanda kwa mlio mkali wa kupendeza. Nikamwambia, "Mzee, hapa imekaa." Akanitazama, akachukua plagi nne mpya na spana, akasema, "Twende barabara ya majaribio."

Akanikalisha kwenye usukani. Nikanyage hadi mwisho kwenye gia ya tatu, nishikilie, nishikilie, na akisema "Kata!" nizime swichi na kukanyaga klachi kwa pamoja, gari lijiendee lenyewe hadi lisimame. Tulifanya hivyo. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa plagi zikiwa za moto kiasi kwamba alizishika kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kauri zilikuwa nyeupe kama chokaa. "Hizi zinalia njaa," akasema. Tukabadilisha jeti kuwa 155. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita ambayo jicho halioni, lakini eneo la tundu limeongezeka asilimia 14. Plagi mpya, mzunguko mwingine, "Kata!", na safari hii kauri zilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Nikauliza kwa nini tusirudi gereji tukazichomolee pale kwenye kivuli, kwa raha. "Mwanangu, ukirudi nayo inanguruma polepole, umeshafuta ushahidi."

Nilidhani ni habari ya plagi. Kwa miaka yote niliichukulia kama mbinu ya watu wa kabureta, kitu cha zama zile kabla ya sensa ya lambda, na kwamba nikishakuwa na kompyuta mbele yangu siihitaji tena. Kumbe Mzee hakuwa anapima plagi. Alikuwa anakataa kuamini jibu lolote ambalo injini imelitoa ikiwa imestarehe. Mimi niliisoma geji ya presha injini ikinguruma, nikaondoka.

Kuna kisa cha zamani ninachokipenda kinachohusu jambo hili hili. Mwaka 1940, ndege za Uingereza za Spitfire na Hurricane zilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin, inayolishwa na kabureta yenye boya. Injini hiyo ilikuwa nzuri sana kwenye benchi la majaribio. Angani, rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilirushwa juu ya chumba cha boya, injini ikakosa mafuta kwa kitambo, kisha ikafurika na kuzima. Messerschmitt za Ujerumani zenye injini ya Daimler-Benz DB 601 zilipuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo rubani wao aliinama tu na kutoroka. Aliyepata tiba ya haraka ni mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, mwanamke aliyekuwa akikimbiza pikipiki ya Norton kwenye uwanja wa Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Mwaka 1941 alibuni kizuizi kidogo chenye tundu, kilichopitisha petroli kiasi kile tu injini inachohitaji kwenye nguvu kamili, basi, isiweze kufurika. Yeye na timu yake wakazunguka kwenye viwanja vya ndege kukifunga. Hakikumaliza tatizo lote, lakini kiliwapa marubani muda mpaka kabureta bora zaidi zilipopatikana. Napenda kufikiri kwamba mtu aliyezoea kulalia pikipiki kwenye kona alielewa upesi kuliko wengine kwamba petroli haikai mahali unapoiweka. Benchi halipinduki.

Nalo tangi halikai sawa. Baada ya kufunga waya mnene na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) karibu na pampu, na pampu kubwa zaidi, niliweka sensa ya presha ya mafuta inayorekodi mara 50 kwa sekunde. Presha kwenye mstari ulionyooka ikawa kama mstari wa rula. Halafu nikaona kitu kingine: kwenye kona moja ndefu ya kushoto, tangi likiwa chini ya robo, presha ilikuwa inadondoka kwa chini ya nusu sekunde na kurudi. Dereva hakuwahi kuhisi chochote. Geji ya sindano isingeonyesha chochote. Petroli ilikuwa imekimbilia upande mmoja wa tangi na pampu ikavuta hewa. Dawa yake ni chombo kidogo cha kuhifadhia petroli karibu na pampu kuu, kinacholishwa na pampu nyingine ndogo kutoka tangini, na kinachobaki kimejaa hata tangi likiyumba. Nilikitengeneza cha lita 2. Kwa matumizi ya lita 125 kwa saa, lita 2 zinakaa karibu dakika nzima. Kona haizidi sekunde sita.

Upande wa hewa nao ulikuwa na uongo wake, na huko ndiko nilikotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu hewa haionekani na kila mtu anaitazama geji ya tabo kana kwamba inasema yote. Geji ya tabo inasema presha. Haisemi kiasi cha hewa. Ukiichukua hewa ya nyuzi 25 na kuikandamiza hadi bar 1 juu ya kawaida, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 115. Ukiipitisha kwenye kipoza hewa na kuishusha hadi 45, kwa presha ile ile unakuwa na hewa zaidi kwa asilimia 23 hivi. Geji ni ile ile, injini ni nyingine.

Kompyuta ya injini inalijua hilo, ndiyo maana ina sensa ya joto la hewa. Sensa yangu ilikuwa imefungwa kwa skrubu kwenye manifodi ya alumini, mahali palipokuwa na tundu tayari. Gari likisimama dakika chache, alumini inachemka na sensa inachemka nayo. Nilikuta inasoma nyuzi 62 wakati hewa yenyewe ni 35. Kompyuta ikaamini kwamba hewa ni nyepesi, ikapunguza petroli asilimia 8. Kwa hiyo kila mara gari lilipotoka kusimama na kukanyagwa, kwa sekunde kadhaa za mwanzo lilikuwa linakosa mafuta, mpaka sensa ipoe. Niliihamishia kwenye bomba la plastiki kabla ya kipepeo, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kazi ya nusu saa.

Chujio la hewa nililipima kwa kifaa ambacho wasaidizi wangu walikitazama kwa mashaka: mpira mwembamba unaoona ndani, nimeukunja umbo la U juu ya ubao, nimeutia maji yenye rangi, ncha moja iko wazi na nyingine imeunganishwa kati ya chujio na tabo. Msaidizi akikaa na ubao magotini anasoma maji yamepanda sentimita ngapi. Kwenye mzigo kamili tofauti ilikuwa sentimita 40. Hiyo ni bar 0.04 inayopotea kabla hewa haijaigusa tabo, na tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuichemsha hewa zaidi ili kufidia. Nikatengeneza sanduku kubwa zaidi linalovuta hewa ya mbele badala ya hewa ya rejeta, mdomo wa bomba nikauviringisha kama tarumbeta ili hewa isijikwae kwenye ukingo. Ikashuka hadi sentimita 12. Ubao ule bado ninao, na ninauamini kuliko sensa nyingi.

Sasa ile silinda ya nne. Pampu iliyochoka iliinyima petroli injini nzima. Kwa nini basi iliyeyuka pistoni moja? Sensa ya lambda inakaa pale mabomba yote manne ya ekzosi yanapokutana. Inaonja mchuzi uliochanganywa. Silinda moja inaweza kuwa na njaa na tatu zimeshiba, na sensa ikasema mambo ni mazuri. Nikatoboa kila bomba la ekzosi, nikaweka sensa nne za joto. Kwenye mzigo kamili silinda ya nne ilikuwa na joto kuzidi wenzake kwa nyuzi 55.

Manifodi ile ina kipepeo upande wa silinda ya kwanza. Hewa ikija kwa kasi inapita midomo ya mwanzo, inagonga ukuta wa mwisho na kurundikana kwa silinda ya nne. Kila nozeli inatoa sawa na mwenzake, lakini hewa haigawanyiki sawa. Injini ikitembea polepole hewa haina haraka, joto za silinda nne zinalingana, nawe unaondoka ukiwa na amani. Kwenye kompyuta nikaiongezea silinda ya nne petroli asilimia 4, tofauti ikashuka hadi nyuzi 15.

Nyuzi 15 zinanisumbua. Kuongeza petroli ni kumpa mtu maji ya kuvumilia jua. Kivuli bado hakuna. Mezani sasa nina mchoro wa manifodi mpya, chumba chake kinapungua upana kuelekea silinda ya nne, na urefu wa mabomba nimeubadilisha mara tatu, maana kwenye mizunguko 7000 vali ya hewa hubaki wazi kama milisekunde 6 tu na wimbi la presha lazima lifike na kurudi ndani ya muda huo likiwa na faida. Kipande cha kwanza cha alumini nimeshakikata. Juma lililopita nilitoka tena na gari, msaidizi wangu pembeni, kompyuta mapajani, akinisomea presha ya reli kwa sauti tukiwa kwenye tabo kamili. "Bar 4.2, fundi. 4.2. Bado 4.2." Nikamwomba asome na volti za pampu. 13.4. Kisha joto la silinda ya nne, na nikamwambia aliandike.